Sura ya Sita: Injini Imekufa, Gari Je?

Gari ikizima moja kwa moja katika barabara ya Mizingani–Wambaa, ushauri hufika kabla ya fundi. Wa kwanza atasema hiyo tena si ya kuhangaika nayo, iuze. Wa pili ana jamaa yake Sharjah, injini ni kupiga simu tu. Wa tatu atakumbusha kwamba gari ya fulani ilifunguliwa injini Chake Chake na mpaka leo inabeba mchanga. Huenda wote wanasema kweli, kila mmoja kwa gari anayoikumbuka. Ila wote wamejibu kabla ya kujua injini hii imekufa kwa nini, na kabla ya kuinama na kutazama gari yenyewe imebakiwa na nini.

Mwenye gari ana njia tatu: kuitengeneza injini ile ile, kuweka injini nyingine, au kuachana na gari. Sura hii inazipima njia hizo kutoka Wambaa, kijiji cha pwani katika Wilaya ya Mkoani, kusini-magharibi ya Pemba, kwa sababu kisiwani hesabu huonekana wazi kuliko mjini. Dar es Salaam, aliyekosa beringi duka la kwanza pale Gerezani atavuka barabara aulizie la pili. Mtu wa Wambaa, akikosa Mkoani na akakosa Chake, kifaa chake kitavuka bahari, na kila siku ya kukisubiri gari haiingizi kitu.

Visiwa vitatu

Gari nyingi zinazotembea Pemba ziliachwa na wenyewe huko Japani zikiwa bado nzima. Sheria ya ukaguzi ya Japani, inayoitwa shaken, hutaka gari ndogo mpya ikaguliwe baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Kila ukaguzi una ada yake, kodi na bima, na kila kasoro hurekebishwa na fundi ambaye saa yake moja ni ghali. Gari ikishapata umri, mwenyewe hupiga hesabu akaona ni nafuu kununua nyingine. Basi gari hupanda meli ingali na maisha, kwa kuwa gharama ya kuitunza kule imeipita thamani yake.

Havana mambo ni kinyume. Marekani ilipoiwekea Cuba vikwazo vya biashara mwaka 1962, Chevrolet na Ford za miaka ya 1950 zilizokuwamo nchini zilikatikiwa spea, na gari mpya za kuzirithi hazikuja. Mafundi wakashikilia bodi, wakawa wanabadilisha vya ndani. Leo nyingi kati ya gari hizo zinasukumwa na injini za dizeli zilizotoka kwenye gari za aina nyingine kabisa.

Pemba imekaa kati ya visiwa hivyo viwili. Gari ya kubadilishia ipo, lakini inafika na mzigo wake: nauli ya meli, bima, ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambao kwa gari ndogo ni asilimia 25 ya thamani, halafu kodi nyingine juu ya hapo. Fundi naye yupo, na siku yake ya kazi haijawa ghali kama ya fundi wa Japani. Kanuni ya kwanza inatoka hapo: kwetu mikono ni rahisi, spea ni ghali. Ubovu unaomalizwa na siku za fundi, tengeneza. Ubovu unaotaka boksi zima la spea, ulinganishe kwanza na bei ya injini ya mtumba iliyo kamili.

Wazee wa Unguja na Pemba waliifuata kanuni hii bila kuiandika. Lori likifika, seremala alilijengea bodi ya mbao yenye mabenchi ya abiria. Injini ikichoka ilitafutwa nyingine, na mbao zikaendelea na safari. Kwao injini, chesi na bodi vilikuwa vitu vitatu vyenye umri tofauti, na kila kimoja kilihukumiwa peke yake. Anayesema “gari imekufa” huvihukumu vyote kwa kosa la kimoja.

Imekufa kwa ugonjwa gani?

Neno “imekufa” hubeba maradhi mengi, na mengine si ya kuua. Chukua gari iliyokuwa ikienda vizuri, ikazima ghafla bila kelele wala moshi, na ukipiga stata injini inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida. Mara nyingi huo ni mkanda wa taimingi uliokatika. Injini za Toyota za mkanda kwa kawaida hutakiwa kubadilishwa mkanda zikifika kilomita 100,000, na gari nyingi za mtumba huukaribia umri huo zikiwa ndiyo kwanza zimetua mikononi mwetu.

Hukumu hapo inategemea injini ni ipi. Noah za mwanzo, za mwaka 1996 hadi 2001, nyingi zina injini ya 3S-FE ya lita 2. Carina na Corolla nyingi za miaka ya 1990 zina 5A-FE, 4A-FE au 7A-FE. Katika injini hizo za petroli mkanda ukikatika vali hazigongani na pistoni, kwa hiyo gari hufungwa mkanda mpya na kuondoka. Hiace ya dizeli yenye 2L au 3L haina huruma hiyo. Nafasi iliyopo juu ya pistoni ya dizeli ni ndogo mno, mkanda ukikatika vali hupigwa, na hedi lazima ishuke. Kwa abiria walioshushwa njiani gari zote mbili zimezima namna moja. Kwa mwenye gari, moja ina kazi ya siku moja na nyingine ina kazi ya wiki.

Ugonjwa wa pili ni joto. Hedi ya injini nyingi za siku hizi ni ya aluminiamu, na katika 3S-FE imefungwa kwa boliti juu ya bloku ya chuma. Aluminiamu ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Gari ikichemsha kupita kiasi, hedi hutaka kutanuka na boliti zinaikatalia, nayo hupinda. Gasketi iliyo katikati hupasuka, maji yakaingia kwenye silinda au kwenye oili. Dalili ni moshi mweupe usiokwisha hata injini ikishapata moto, na oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa.

Joto hilo huwa na chanzo, na kwa gari za pwani chanzo huwa mara nyingi ni maji yenyewe. Rejeta ikijazwa maji ya kisima cha karibu na bahari, chumvi hula aluminiamu kutoka ndani na uchafu huziba mifereji. Kisha hutokea ile tiba ya haraka: gari inachemsha, basi themostati inatolewa na kutupwa. Themostati hufunguka maji yakikaribia nyuzi 80 na kitu. Bila hiyo injini hufanya kazi ikiwa baridi, hula mafuta zaidi, oili hushika tope, na rejeta iliyoziba inabaki imeziba vile vile. Mwaka mmoja baadaye mwenye gari anaambiwa injini “imechoka”.

Ugonjwa wa tatu ni njaa ya oili. Kati ya kranki na beringi zake mna nafasi ya sehemu chache za mia za milimita, na kinachojaza nafasi hiyo ni oili yenye presha. Oili ikipungua au pampu ikishindwa, chuma hukutana na chuma na injini huanza kunoki: ko-ko-ko inayofuata kasi ya injini. Gari ikizimwa hapo hapo, kranki inaweza kuchongwa ikapewa beringi nene zaidi. Ikiendeshwa “tufike Mkoani tu”, konrodi hukatika ikatoboa bloku. Bloku iliyotobolewa haina mjadala: injini hiyo ni chuma chakavu.

Wa nne ni uzee wa kweli: moshi wa bluu, oili inayopungua kila wiki bila kuvuja, nguvu zinazokwisha kwenye vilima. Hizo ni ringi, pengine na mpira wa vali. Uzee una rehema moja, haukuvizii. Unampa mwenye gari miezi ya kujipanga akitaka kuitumia.

Kuna swali moja la kumuuliza fundi kabla ya swali la bei: “Nini kimeiua?” Fundi akiweza kulijibu, endelea naye. Asipoweza, injini yoyote utakayoweka, mpya au ya mtumba, itauawa na kile kile kilichoiua ya kwanza. Rejeta iliyoziba haibagui injini.

Asubuhi moja ya kupima

Makosa mengi ya fedha hufanyika pale mwenye gari anapompa fundi kazi moja iitwayo “tengeneza”. Mpe kazi mbili zenye bei mbili: ya kuchunguza, kisha ya kutengeneza. Ya kwanza ilipe na uimalize. Ukishapewa majibu yake, uko huru kusema hapana.

Kama injini bado inazunguka, kipimo cha kwanza hakihitaji kufungua kitu zaidi ya plagi. Fundi hutoa plagi zote, hufunga kipimo cha kompresheni kwenye tundu la silinda moja, stata ikapigwa, namba ikaandikwa, kisha silinda inayofuata. Injini ya petroli iliyo na afya husoma kiasi cha paundi 150 hadi 200 kwa inchi ya mraba. Namba yenyewe ina maana, lakini tofauti kati ya silinda na silinda ina maana zaidi. Nne zinazokaribiana, hata zikiwa chini kidogo, ni injini iliyozeeka sawasawa. Mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja huelekeza kwenye gasketi baina yao. Moja ikiwa chini peke yake, fundi humimina kijiko cha oili kwenye tundu lake na kupima tena. Namba ikipanda, oili imeziba nafasi ambayo ringi zilishindwa kuiziba; ubovu uko chini, kwenye pistoni. Isipopanda, ubovu uko juu, kwenye vali au gasketi.

Kijiko hicho cha oili hutenganisha kazi mbili zenye gharama za mbali. Ubovu wa juu maana yake ni kushusha hedi, kazi ya mikono zaidi kuliko spea. Ubovu wa chini maana yake ni kuitoa injini nzima, kununua pistoni, ringi na beringi, kupeleka bloku na kranki kwa mchongaji, na kama mashine yake haiko Pemba, kuvipakia kwenye boti.

Hedi mezani

Hedi ikishashuka, simama karibu uangalie, kwani hapa fundi mzuri hujulikana kwa macho. Kwanza huiosha kwa petroli na kukwangua masalia ya gasketi mpaka aluminiamu ing’ae. Kisha huipindua mezani, uso uliokuwa ukikalia bloku ukitazama juu. Huweka rula nzito ya chuma iliyonyooka juu yake kwa urefu, halafu kwa mapana, halafu kwa mishazari, kona hadi kona. Kila mara hujaribu kupenyeza chini ya rula vile vijani vyembamba vya chuma vinavyoitwa fila. Kwa injini nyingi za Toyota ukomo ni milimita 0.05, wembamba wa unywele. Kijani cha 0.05 kikipenya katikati ya silinda ya pili na ya tatu, hedi imepinda.

“Fundi, inachongeka?”

“Kuchongeka inachongeka, sheikh. Uliza kama itakaa.”

Jibu hilo ndilo la kulipia. Kuchonga hedi hurudisha unyoofu wa uso wake. Kama joto lilikuwa kali mno, aluminiamu yenyewe hulegea, ikapoteza ugumu iliotoka nao kiwandani, na ugumu huo hakuna mashine ya kuurudisha. Pia kila kuchonga hupunguza unene, na hedi iliyokwisha kuchongwa mara mbili na wenye gari waliotangulia inaweza isiwe na nyama ya kuchongwa ya tatu. Fundi hutafuta pia nyufa, hasa katikati ya vali mbili za silinda moja, ambako joto ni kali na chuma ni chembamba. Hedi yenye ufa hapo haina haja ya kuchongwa. Inatafutwa nyingine, au inatafutwa injini.

Vivyo hivyo kwa bloku. Bloku ya chuma kama ya 3S-FE huvumilia kuchongwa silinda upya na kupewa pistoni za saizi ya juu. IST na Probox za lita 1.5 zina injini ya 1NZ-FE yenye cheni, ambayo bloku yake ni ya aluminiamu na silinda zake ni ala nyembamba za chuma zisizo na nyama nyingi za kuchonga. Ndiyo maana IST inayokula oili huishia kubadilishiwa injini, ilhali lori la zamani lenye bloku nzito hufunguliwa, likafungwa, na likafunguliwa tena baada ya miaka.

Injini ya mtumba

Biashara ya injini za mtumba ina maana kwa sababu ile ile iliyoleta gari zenyewe: Japani hutupa vyenye maisha. Injini hutolewa kwenye gari zilizogongwa au zilizochoshwa na ukaguzi, nyingine hupitia Sharjah, ambako mitaa mizima huuza spea za gari zilizokatwa, kisha hufika Dar es Salaam na Unguja. Familia nyingi za Pemba zina mtu Oman au Imarati, kwa hiyo injini inaweza kununuliwa na ndugu aliyesimama mbele yake. Ni faida kubwa, mradi ndugu huyo ajue la kutazama.

La kwanza ni kufungua kifuniko cha oili na kuchungulia. Chuma cha rangi ya asali ni injini iliyobadilishwa oili kwa wakati. Tope jeusi kama lami ni injini iliyosahauliwa. La pili, azungushe kranki kwa spana: izunguke mzunguko mzima bila kukwama. La tatu, atazame matundu ya maji. Kutu nyekundu ndani yake inasema kwamba hata huko ilinyweshwa maji matupu. La nne, aulize vinavyokuja nayo: stata, oltaneta, waya zake na kontroli boksi. Injini ya bei ndogo isiyo na hivyo inaweza kuishia kuwa ghali kuliko ya jirani yake iliyo kamili.

Ikishafika, na kabla ya kuingizwa kwenye gari, ibadilishwe mkanda, sili za kranki na wota pampu. Vitu hivyo hufikiwa kwa urahisi injini ikiwa chini, na kwa taabu ikishafungwa. Rejeta isafishwe au ibadilishwe, themostati irudishwe mahali pake. Na kwa kuwa kadi ya gari huandikwa namba ya chesi na namba ya injini, risiti ya injini itunzwe na mabadiliko yaandikishwe. Gari yenye namba isiyolingana na kadi huleta maneno siku ya kuuzwa, siku ya ajali, na siku yoyote trafiki akiamua kufunua boneti.

Chumvi haisubiri

Kabla ya shilingi yoyote kwenda kwenye injini, lala chini ya gari na bisibisi na nyundo ndogo. Pwani ya Wambaa, chumvi hufanya kazi usiku na mchana, na gari inayobeba mchanga, samaki au abiria waliotoka kwenye boti huipata mara mbili. Gonga chini ya milango, pembeni mwa sakafu, na pale springi na shokomzoba zinaposhikia. Chuma kizima hulia. Kilichooza hujibu kwa sauti ya mfu, na bisibisi huingia.

Lori lina chesi yake, na bodi limebebeshwa tu. Noah haiko hivyo. Bodi yake ndiyo chesi, na vizingiti vya milango ni sehemu ya uti wa mgongo. Kutu ya mlango ni ya rangi na bati. Kutu ya kizingiti na ya mashikio ya springi ni ya usalama wa abiria. Ikiwa imefika huko na haichomeleki kwenye chuma kizima, sura hii imekwisha kwako: usiweke injini. Iuze kwa spea.

Daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tuseme mtu wa Wambaa ana Noah ya abiria inayokwenda Mkoani na Chake. Injini imenoki, bodi ni nzima. Namba hizi ni za mfano, msomaji aweke zake. Gari ikiwa nzima ingeuzwa shilingi milioni 9. Ilivyo sasa, milioni 4.5. Kuifungua na kuitengeneza injini yake, spea na mchongaji ndani, ni milioni 2.4 na siku 30. Injini ya mtumba, pamoja na nauli na kufungwa, ni milioni 3 na siku 12. Gari ilikuwa ikimwachia shilingi 40,000 kwa siku baada ya mafuta na utingo.

Kwa bei tupu, kutengeneza kuna nafuu ya shilingi 600,000. Ongeza sasa siku. Siku 30 za kusimama ni shilingi milioni 1.2, kwa hiyo kutengeneza kunagharimu milioni 3.6. Siku 12 ni shilingi 480,000, kwa hiyo injini ya mtumba inagharimu milioni 3.48. Iliyoonekana ghali imekuwa nafuu. Na njia zote mbili ziko chini ya milioni 4.5 ambazo angeziongeza juu ya bei ya mzoga ili kupata Noah nyingine nzima, ambayo maradhi yake angeyajua akishainunua.

Hesabu haijaisha. Injini ya mtumba ni kama embe la sokoni, uzima wake hujulikana likikatwa. Muuzaji akikataa kuandika kwamba ataipokea ikiwa mbovu, weka akiba ya hatari, tuseme asilimia 15 ya milioni 3, yaani shilingi 450,000. Jumla inapanda mpaka milioni 3.93, na kutengeneza kunarudi mbele. Karatasi moja ya dhamana imegeuza uamuzi mzima. Kabla ya kubishana na muuzaji kuhusu bei, bishana naye kuhusu karatasi hiyo.

Badilisha tena mwenye gari. Huyu ni mwalimu, gari yake ni ya nyumbani, na ikisimama atapanda daladala huku akiokoa mafuta. Siku zake 30 hazimgharimu kitu kikubwa. Kwake milioni 2.4 ni milioni 2.4, na fundi anayemjua, anayefanya kazi machoni pake, ana thamani kuliko injini iliyotoka asikokujua. Gari ni ile ile, ubovu ule ule, jibu tofauti, na wote wawili wamehesabu sawa.

Kwa anayefanya biashara kuna kipimo cha mwisho: miezi. Gari ikitembea siku 25 kwa mwezi inamwachia shilingi milioni 1, kwa hiyo milioni 3.48 zitarudi katika miezi mitatu na nusu. Aulize chesi na gia boksi vina miezi mingapi. Vikiwa na miaka, alipe. Vikiwa na miezi minne, injini itakuwa nzima siku gari itakapokufa mara ya pili.

Fedha iliyokwisha kuingia

Hatari kubwa ya kutengeneza ni kwamba fedha hutoka kidogo kidogo. Hedi imeshuka, fundi anasema gasketi. Gasketi imenunuliwa, anasema vali. Vali zimekuja, kranki nayo imekwaruzika. Kila ombi ni dogo, na kila ombi hupata nguvu kutoka kwa lililopita: “Nimeshatia milioni na nusu, niiache vipi sasa?” Swali hilo halina jibu zuri kwa sababu limeulizwa vibaya. Milioni na nusu imekwenda, gari iendelee au isiendelee. Kinachouliziwa leo ni shilingi za kuanzia leo: zilizobaki kumaliza kazi, zikilinganishwa na thamani ambayo kumaliza kutaiongezea gari juu ya bei yake ilivyo leo. Zikiwa chini ya hiyo, endelea. Zikiipita, simama, hata kama umefika nusu ya njia.

Dawa yake ni ukomo uliotajwa mapema. Kabla injini haijafunguliwa, mwenye gari na fundi wakae waandike: tukifika kiasi fulani, kazi inasimama na tunazungumza. Fundi mwaminifu huupenda ukomo huo, kwani humwondolea lawama. Asiyeupenda amekupa habari muhimu bila malipo.

Pemba ukomo huo una kalenda yake, kwa kuwa fedha nyingi za kisiwa hufuata karafuu. Kwa misimu kadhaa Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar, ZSTC, lilinunua karafuu kavu za daraja la kwanza kwa shilingi 14,000 kwa kilo. Kwa bei hiyo, injini ya milioni 3 ni kilo 214 za karafuu kavu, ambazo zinataka zaidi ya kilo 600 za karafuu mbichi kuchumwa, kuchambuliwa na kuanikwa. Ukiihesabu injini kwa majamvi utaacha kuiita “kitu kidogo tu”. Msimu huo huo ndio unaotaka gari zaidi: wachumaji wa kupeleka mashambani, magunia ya kupeleka vituoni. Mwenye gari inayotoa moshi wa bluu afungue injini kabla ya msimu, wakati gari inapata kidogo na fundi ana nafasi. Akisubiri msimu uanze atalipa mara mbili, kwa fundi na kwa safari atakazozikosa.

Na hesabu ikisema hapana, kuachana na gari si kushindwa. Noah isiyo na injini bado ina gia boksi, milango, taa, viti, vioo na difu, na kila kimoja kina mtu anayekitafuta kati ya Mkoani na Konde. Muuzaji mwenye subira hupata zaidi kwa vipande kuliko kwa mzoga mzima. Fedha hizo ziingie kwenye gari inayofuata, pamoja na zile ambazo zingemezwa na injini. Gari hiyo siku ya kwanza ipewe mkanda mpya, themostati yake na maji safi yenye kulanti, vitu ambavyo vyote pamoja havifiki bei ya kufungua injini mara moja.